Leo Fender

Clarence Leonidas Fender, anayejulikana zaidi kwa jina la Leo Fender (10 Agosti 1909 – 21 Machi 1991), alikuwa mvumbuzi na mtengenezaji wa ala za muziki kutoka Marekani. Ndiye mwanzilishi wa kampuni ya Fender, iliyotengeneza magitaa ya umeme ya Telecaster na Stratocaster, gitaa la besi la Precision Bass, na amplifaya za valvu zilizokuja kuwa kielelezo kwa watengenezaji wengi duniani.

Fender hakujua kupiga gitaa. Alikuwa mhasibu kwa elimu na fundi wa redio kwa kazi. Alitegemea masikio ya wanamuziki waliomletea vyombo vibovu vitengenezwe au waliojaribu vyombo vipya katika kumbi za dansi. Wengi wao walimwomba nguvu zaidi ya sauti, naye kwa karibu miaka 20 alijenga amplifaya kubwa na kubwa zaidi. Wakati huohuo kampuni yake iliuza amplifaya ndogo kwa wanafunzi wanaojifunzia nyumbani. Aina hizo mbili, kubwa ya jukwaani na ndogo ya chumbani, bado zinatumika hadi leo, na mara nyingi ile kubwa huishia sebuleni.

Maisha ya awali

Leo Fender alizaliwa karibu na miji ya Anaheim na Fullerton, katika jimbo la California. Wazazi wake, Clarence Monte Fender na Harriet Elvira Wood, walikuwa wakulima wa machungwa. Alipokuwa na umri wa miaka 8 hivi alipata uvimbe katika jicho la kushoto. Jicho hilo likatolewa na kuwekwa la kioo. Kwa sababu hiyo hakuandikishwa jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Utotoni alijifunza piano kidogo, kisha saksafoni, lakini hakuendelea na muziki. Kilichomvutia zaidi ni umeme. Mjomba wake, John West, alikuwa na karakana ya umeme wa magari huko Santa Maria, California. Fender alipokuwa na miaka 13 hivi, mjomba huyo alimtumia sanduku la vipuri vya redio pamoja na betri. Mwaka uliofuata alimtembelea katika karakana yake, akaiona redio ambayo mjomba alikuwa ameiunda mwenyewe kwa vipuri. Muziki ulitoka katika spika yake kwa sauti kubwa, na jambo hilo likabaki akilini mwa kijana huyo maisha yake yote.

Aliporudi nyumbani alianza kutengeneza redio za watu katika karakana ndogo ya wazazi wake. Alimaliza shule ya sekondari mwaka 1928, akaingia chuo cha Fullerton kusomea uhasibu. Hakuwahi kusoma kozi yoyote ya umeme. Alichokijua alijifundisha mwenyewe, kwa kusoma na kwa kufungua vyombo.

Baada ya masomo alifanya kazi katika kampuni ya barafu ya mjini Anaheim, kwanza kama msambazaji, baadaye kama mtunza vitabu vya hesabu. Katika kipindi hicho kiongozi mmoja wa bendi alimwomba amtengenezee mitambo ya vipaza sauti kwa ajili ya dansi zilizofanyika Hollywood, na Fender akaunda mitambo 6. Mwaka 1934 alimwoa Esther Klosky, kisha akahamia San Luis Obispo alikopata kazi ya uhasibu katika idara ya barabara ya jimbo. Hizo zilikuwa nyakati za mdororo mkubwa wa uchumi. Kazi hiyo ilifutwa, na nyingine katika kampuni ya matairi ikadumu miezi 6 tu.

Duka la redio

Mwaka 1938 Fender alikopa dola 600, akarudi Fullerton na kufungua duka la kutengeneza redio lililoitwa Fender Radio Service. Alitengeneza redio na gramafoni, akauza santuri, na kukodisha vipaza sauti kwa mikutano na dansi. Wanamuziki wa mtaani walianza kumletea amplifaya na magitaa yao.

Kazi ya ufundi ilimfundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba amplifaya nyingi za wakati huo hazikuwa imara: zilibebwa garini kila usiku, zikatikiswa na kuanguka, na ndani yake waya zililegea. La pili ni kwamba chombo ambacho fundi hawezi kukifungua na kukirekebisha kwa urahisi humtia mwenye nacho hasara. Vyombo vyote alivyobuni baadaye vilifuata mafunzo hayo. Shingo za magitaa yake zilifungwa kwa skrubu badala ya gundi, na sehemu za umeme za amplifaya zake zilipangwa kwenye ubao mmoja ili fundi yeyote aweze kuzifikia na kuzibadilisha.

Wakati wa vita alishirikiana na Clayton Orr Kauffman, aliyeitwa Doc, mwanamuziki na mvumbuzi. Mwaka 1944 waliomba hataza ya kinasa sauti cha sumaku kwa ajili ya gitaa, na mwaka 1945 kampuni yao, K&F, ilianza kuuza gitaa la Hawaii linalopigwa likiwa limelazwa mapajani, pamoja na amplifaya yake. Mwaka 1946 Kauffman alijitoa. Fender akaendelea peke yake, na kampuni ikaja kuitwa Fender Electric Instrument Company.

Magitaa

Magitaa mengi ya umeme ya wakati huo yalikuwa na uvungu kama magitaa ya kawaida. Amplifaya ilipofunguliwa sana, sauti ya spika iliutikisa mwili wa gitaa, mtikisiko huo ukarudi tena katika amplifaya, na matokeo yake yakawa mluzi usiokoma. Fender alitaka gitaa la mbao nzima, lisilo na uvungu, linaloweza kupigwa kwa sauti kubwa bila kupiga mluzi, na ambalo sehemu zake zingeweza kutengenezwa kwa mashine kiwandani.

Akisaidiwa na George Fullerton, aliyejiunga naye mwaka 1948, alitoa gitaa hilo mwaka 1950. Mwanzoni liliitwa Esquire, na lile lenye vinasa viwili likaitwa Broadcaster. Kampuni ya Gretsch ilikuwa ikiuza ngoma zenye jina linalofanana na hilo, kwa hiyo mwaka 1951 jina lilibadilishwa kuwa Telecaster.

Mwaka huohuo wa 1951 alitoa Precision Bass. Kabla yake wapiga besi wengi walitumia besi kubwa ya kusimama, iliyokuwa ngumu kusafirisha na ambayo haikusikika vizuri mbele ya ngoma na tarumbeta. Precision Bass ilipigwa ikiwa imening'inizwa begani kama gitaa, na freti zake zilimwezesha mpigaji kupata noti sahihi bila kubahatisha. Hiyo ndiyo asili ya jina lake, lenye maana ya usahihi.

Stratocaster ilifuata mwaka 1954, ikiwa na vinasa vitatu na mwili uliochongwa usiumize mbavu za mpigaji. Freddie Tavares, mwanamuziki mwenye asili ya Hawaii aliyejiunga na kampuni mwaka 1953, alikuwa na mchango mkubwa katika kulichora. Baadaye zilikuja Jazzmaster (1958) na Jazz Bass (1960).

Amplifaya za valvu

Amplifaya ndiyo kazi aliyoijua Fender kabla ya magitaa. Gitaa la umeme lenyewe halina sauti ya kutosha: sumaku zake hutoa mkondo mdogo sana wa umeme kila nyuzi zinapotikisika. Mkondo huo huingia katika valvu, ambayo ni chupa ndogo ya kioo iliyotolewa hewa na yenye waya unaopashwa moto ndani yake. Valvu za mwanzo huukuza mkondo huo hatua kwa hatua, na valvu kubwa za mwisho huupa nguvu ya kusukuma spika kupitia transfoma.

Saketi za Fender hazikuwa ngeni kabisa. Msingi wake ulitoka katika miongozo iliyotolewa na watengenezaji wa valvu, ambayo kila fundi wa redio aliijua. Alichofanya ni kuzirekebisha mfululizo kwa ajili ya gitaa, huku akiwapa wanamuziki wazijaribu na kusikiliza malalamiko yao. Mwenyewe alipenda muziki wa kantri na wa Hawaii, na alitaka sauti safi na angavu isiyo na mikwaruzo.

Amplifaya za kwanza za kampuni, zilizotoka mwaka 1946, zilikuwa na kasha la mbao ngumu. Baada ya hapo makasha yalifunikwa kwa kitambaa kizito cha rangi ya kahawia hafifu, na zile za miaka ya 1950 bado hutambulika kwa kitambaa hicho. Majina kama Princeton, Deluxe na Super yalianza katika miaka ya 1940.

Mbio za nguvu

Katika miaka ya 1950 bendi zilihamia kumbi kubwa zaidi. Vipaza sauti vya ukumbini vilitumika zaidi kwa waimbaji, kwa hiyo sauti yote ya gitaa ilitakiwa kutoka katika amplifaya ya mpigaji mwenyewe. Mwaka 1952 Fender alitoa Twin, yenye spika mbili za inchi 12, na Bassman, iliyokusudiwa kwa ajili ya Precision Bass. Mwishoni mwa muongo huo Bassman ilikuwa na spika 4 za inchi 10 na nguvu ya wati 40 hadi 50 hivi, na wapiga gitaa wa kawaida waliipenda kuliko wapiga besi.

Sababu mojawapo ilikuwa ni jambo ambalo mtengenezaji hakulikusudia. Valvu ikisukumwa kupita uwezo wake, vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa, na gitaa hutoa sauti nzito yenye mikwaruzo inayodumu muda mrefu. Kwa Fender hiyo ilikuwa kasoro ya kurekebishwa. Kwa wapiga bluzi na rokenroli ilikuwa sauti mpya. Alipozidi kujenga amplifaya zinazobaki safi kwa nguvu kubwa, baadhi yao walizidi kufungua vitufe hadi mwisho.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Jim Marshall, mpiga ngoma aliyekuwa na duka la ala za muziki huko Hanwell, magharibi mwa London, pamoja na mafundi wake, aliinakili saketi ya Bassman kwa kutumia vipuri vilivyopatikana Uingereza. Amplifaya yao, JTM45, ilikuwa mwanzo wa kampuni ya Marshall na wa sauti ya roki ya Uingereza.

Huko California, mpiga gitaa Dick Dale alikuwa akijaza ukumbi wa Rendezvous uliokuwa Balboa kwa vijana wachezaji dansi. Aliunguza amplifaya na spika nyingi alizopewa na Fender azijaribu. Kutokana na majaribio hayo ilizaliwa Showman, yenye transfoma kubwa na spika ya inchi 15 iliyotengenezwa na kampuni ya JBL. Mwaka 1963 ilitoka Twin Reverb, yenye valvu 4 za mwisho, nguvu ya wati 85 hivi, na springi za kutia mwangwi. Uzito wake unakaribia kilo 30.

Champ na matumizi ya nyumbani

Pamoja na mbio hizo Fender hakuwasahau wanaojifunza. Mwaka 1948 ilitoka Champion 800, amplifaya ndogo iliyofuatiwa na Champion 600 na hatimaye Champ. Champ ya miaka ya 1950 ilikuwa na valvu 3 tu: moja ya kukuza sauti mwanzoni, moja ya mwisho, na moja ya kugeuza umeme. Ilikuwa na kitufe kimoja cha sauti na spika ndogo ya inchi 6, baadaye inchi 8. Nguvu yake ilikuwa wati 5 hivi. Iliuzwa kwa bei nafuu, mara nyingi pamoja na gitaa la mwanafunzi.

Baadaye iligunduliwa kuwa udogo huo una faida studioni. Champ hufika ukomo wake mapema, kwa hiyo hutoa ile sauti ya valvu iliyosukumwa bila kutikisa jengo. Eric Clapton alitumia Champ katika kurekodi albamu ya Layla and Other Assorted Love Songs ya mwaka 1970. Msikilizaji wa santuri hawezi kujua kwa urahisi ukubwa wa amplifaya iliyotumika, kwa kuwa kipaza sauti huwekwa karibu kabisa na spika.

Amplifaya kubwa katika chumba kidogo

Amplifaya nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya kumbi za miaka ya 1950 na 1960 leo zimo katika nyumba za watu wanaopiga gitaa kwa kujifurahisha. Jambo hilo huleta shida inayotokana na tabia ya sauti yenyewe. Ili sikio lione kuwa sauti imeongezeka mara mbili, nguvu ya umeme inahitaji kuongezeka mara 10 hivi. Kwa hiyo, kwa spika ileile, amplifaya ya wati 50 husikika takriban mara mbili tu ya ile ya wati 5, si mara 10. Kinyume chake pia ni kweli: wati 5 si sauti ndogo. Spika nyingi za gitaa hutoa karibu desibeli 95 hadi 100 kwa wati 1 tu, zikipimwa umbali wa mita 1. Anayepiga gitaa nyumbani bila kugombana na majirani kwa kawaida hutumia chini ya wati 1.

Hata hivyo amplifaya yenye nguvu haipotezi thamani ikichezwa polepole. Twin Reverb iliyofunguliwa kidogo ina valvu za mwisho zilizo mbali sana na ukomo wake, hivyo kila noti hutoka safi na besi hubaki imara hata mpigaji anapopiga nyuzi kwa ghafla. Spika mbili kubwa ndani ya kasha pana hutoa sauti iliyojaa kuliko spika ya inchi 8, hata kwa kiasi kilekile cha sauti. Mwangwi wa springi nao husikika vizuri zaidi katika chumba tulivu kuliko jukwaani. Kwa kuwa sikio hupokea besi kwa udhaifu sauti inapokuwa ndogo, wapigaji wengi huongeza besi kidogo wanapokuwa nyumbani.

Asiyeridhika na sauti safi ana njia kadhaa:

Kutumia kidude cha miguuni kinachokwaruza sauti kabla haijaingia katika amplifaya.

Kutumia tundu la pili la kuingizia gitaa, ambalo katika amplifaya nyingi za Fender hupunguza mkondo kwa nusu na kufanya kitufe cha sauti kiwe rahisi kurekebishwa.

Kutumia kitufe kikuu cha sauti, ambacho huruhusu valvu za mwanzo zisukumwe huku za mwisho zikizuiwa. Twin Reverb iliwekewa kitufe hicho mwaka 1972.

Kutumia kipunguza nguvu, yaani kifaa kinachokaa kati ya amplifaya na spika na kugeuza sehemu ya nguvu kuwa joto. Kimojawapo kilichojulikana mapema ni kile cha Tom Scholz, mhandisi na mpiga gitaa wa bendi ya Boston.

Baadhi ya mafundi huondoa valvu 2 kati ya 4 za mwisho. Hatua hiyo hupunguza nguvu kwa nusu, lakini kwa sikio tofauti ni ndogo, karibu desibeli 3.

Zipo pia tahadhari mbili za umeme. Amplifaya ya valvu isipigwe bila spika au kifaa kingine cha kubeba mzigo, kwa maana transfoma yake ya mwisho inaweza kuungua. Vilevile kapasita zake huweza kuhifadhi mamia ya volti hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, kwa hiyo kasha halipaswi kufunguliwa na asiye fundi.

Hatari kubwa zaidi ni kwa masikio. Wataalamu wa afya kazini hushauri mtu asikae katika desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Kwa desibeli 100, ambazo amplifaya ya gitaa huzifikia chumbani bila shida, muda uliobaki ni dakika 15 tu. Usikivu uliopotea kwa njia hiyo haurudi.

Ugonjwa na kuuzwa kwa kampuni

Katikati ya miaka ya 1950 Fender alipata maambukizi ya bakteria katika mianzi ya ndani ya pua, na tiba hazikumfaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa amedhoofika sana. Kampuni ilikuwa na wafanyakazi mamia na maombi ya wateja yalizidi uwezo wa kiwanda. Kwa hofu kwamba hataishi muda mrefu, aliamua kuiuza. Don Randall, mkuu wa mauzo aliyekuwa naye tangu mwanzo, alisimamia mazungumzo, na Januari 1965 kampuni ilinunuliwa na CBS kwa dola milioni 13.

Fender alibaki kama mshauri, akakubali kutoshindana na kampuni hiyo kwa miaka 10. Miaka michache baadaye alibadilisha daktari na kupona. Hivyo mtu aliyeuza kiwanda chake akidhani anakaribia kufa aliishi miaka 26 zaidi, huku jina lake likiwa mali ya wengine.

Chini ya CBS kampuni ilikua, lakini wapigaji wengi walilalamikia ubora. Mwaka 1966 ilitoa amplifaya za transista, zilizotarajiwa kuchukua nafasi ya valvu kwa kuwa hazihitaji kupashwa moto. Hazikupendwa, na baada ya miaka michache zikaachwa. Amplifaya za valvu ziliendelea kuongezewa nguvu, hadi Twin Reverb ya mwishoni mwa miaka ya 1970 ikafikia wati 135. Wakati huohuo zile za kabla ya mauzo zilianza kutafutwa na kupanda bei.

Music Man na G&L

Muda wa makubaliano ulipokwisha, mwaka 1975, Fender alitangazwa kuwa rais wa kampuni ya Music Man, iliyoanzishwa na Forrest White na Tom Walker, waliowahi kufanya kazi naye. Kutoka huko lilitoka gitaa la besi la StingRay mwaka 1976. Amplifaya za Music Man zilichanganya njia mbili: transista mwanzoni na valvu mwishoni.

Mkewe Esther alifariki mwaka 1979 kwa saratani. Mwaka uliofuata Fender alioa tena, akamwoa Phyllis. Katika kipindi hicho aliachana na Music Man na, pamoja na George Fullerton, akaanzisha G&L huko Fullerton, katika barabara inayoitwa Fender. Huko aliendelea kubuni magitaa na vinasa vipya.

Mwaka 1985 CBS iliuza kampuni ya Fender kwa kundi la wafanyakazi wake lililoongozwa na William Schultz. Wamiliki wapya walirudia miundo ya zamani, na mwaka 1990 walitoa tena Bassman kwa mfano wa ile ya mwaka 1959.

Kifo na urithi

Katika miaka yake ya mwisho Leo Fender aliugua ugonjwa wa Parkinson, lakini aliendelea kwenda katika karakana yake ya G&L. Alifariki tarehe 21 Machi 1991 mjini Fullerton, akiwa na umri wa miaka 81, na kuzikwa huko Santa Ana, California. Karakana yake ilihifadhiwa kama alivyoiacha.

Mwaka 1992 aliingizwa katika Ukumbi wa Umaarufu wa Rock and Roll, na mwaka 2009 alitunukiwa Grammy ya kiufundi baada ya kifo chake. Magitaa yake yalipigwa na wanamuziki kama Muddy Waters, Buddy Holly na Jimi Hendrix, na gitaa lake la besi lilipigwa na James Jamerson katika nyimbo nyingi za Motown. Muziki wa dansi wa Kongo, Tanzania na Kenya nao ulijengwa juu ya magitaa ya umeme, gitaa la besi na amplifaya, vyombo ambavyo Fender alichangia kuvifanya viwe vya kawaida duniani.

Champ na Twin Reverb bado zinatengenezwa kwa namna mbalimbali. Valvu zimeacha kutumika katika redio na televisheni, lakini katika amplifaya za gitaa zimebaki, kwa kiasi kikubwa kutokana na ile mikwaruzo ambayo Fender mwenyewe alijitahidi kuiondoa.